Kizunguzungu kisichokoma: kulinganisha vyanzo, vipimo na tiba kabla ya kuchagua

Mama yangu ameuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwa zaidi ya miaka 20, na kuna miezi minane ambayo alilazimika kushika nguzo ya kibanda kila alipoinua kichwa kuangalia magunia yaliyopangwa juu. Ndani ya miezi hiyo alitibiwa malaria mara tatu, akaanzishiwa dawa ya presha, akaambiwa damu yake ni pungufu na kupewa vidonge vya madini ya chuma, kisha akapigwa picha ya kichwa iliyorudi bila kasoro yoyote. Kilichomponya hatimaye kilichukua muda usiofika dakika kumi, juu ya kitanda cha kawaida cha kupimia wagonjwa, bila sindano wala kidonge.

Sisemi kwamba kila kizunguzungu huisha hivyo, kwa kuwa vipo visivyotibika kwa njia hiyo, na kimojawapo kinaweza kumuua mtu kabla jua halijazama. Ninachosema ni kwamba familia yetu ilikimbilia kuchagua tiba kabla haijajiuliza maswali mawili, yaani kizunguzungu chenyewe kinadumu kwa muda gani kila kinapokuja, na ni jambo gani linalokiamsha. Mimi si daktari. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa kumuuguza mama, kuwauliza waliomtibu na kusoma kwa miaka kadhaa tangu wakati ule, na nimeyapanga ubavu kwa ubavu ili anayesumbuliwa aweze kuona ugonjwa wake unaelekea upande upi kabla hajatoa fedha.

Kwa nini muda, na si namna kinavyohisiwa

Neno letu kizunguzungu limebeba mambo yasiyofanana: dunia kuzunguka, kichwa kuwa chepesi, macho kuingia giza mtu anapoinuka, na miguu kuyumba wakati wa kutembea. Wazee wengine husema kisunzi, wengine masua, na maana ni zilezile. Kwa muda mrefu madaktari walifundishwa kumbana mgonjwa aeleze ni kipi hasa kati ya hivyo anachokihisi. Njia hiyo ilipata nguvu mwaka 1972, pale Drachman na Hart wa Marekani walipoyagawa malalamiko ya wagonjwa katika makundi manne kwa kufuata maelezo yao wenyewe. Tatizo lilionekana wazi mwaka 2007, watafiti walipowauliza wagonjwa swali lilelile mara mbili kwa kupishanisha dakika chache tu, kwani wengi wao walibadili jibu la namna wanavyokihisi, ilhali majibu yao kuhusu muda na kichocheo yalibaki imara zaidi. Kwa hiyo mzee akisema "kichwa kinazunguka" leo na kesho akasema "naona giza", asidhaniwe kuwa anadanganya. Aulizwe badala yake kama ni sekunde, saa, siku au wakati wote.

Kinachodumu sekunde: fuwele za sikio au presha inayoshuka

Hapa ndipo walipo wagonjwa wengi, na hapa ndipo tulipopotea sisi. Magonjwa mawili hufanana sana kwa aliye nje: lile la fuwele za sikio, ambalo madaktari huliita kwa kifupi BPPV, na presha inayoshuka ghafla mtu anaposimama. Yote mawili hupita ndani ya dakika moja, yote mawili humshika mtu anapoamka asubuhi, na yote mawili huwapata zaidi wenye umri mkubwa.

Kuyatenganisha si kazi ngumu. Presha hushuka mtu anapotoka chini kwenda juu, yaani anapoinuka kutoka kulala au kuchuchumaa. Haiwezi kumzungusha mtu aliyelala anayegeuka tu kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, wala aliyesimama anayeinua uso kutazama darini. Fuwele zinaweza, na hufanya hivyo hasa. Mama alikuwa akilalamika juu ya mambo hayo mawili tangu siku ya kwanza, kugeuka kitandani na kutazama magunia ya juu, na katika sehemu zote tulizopita hakuna aliyemuuliza. Kipimo cha presha nacho kilifanywa mara nyingi lakini daima akiwa ameketi. Anayetaka kujua kama presha hushuka hupimwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikipungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo sababu inatafutwa kwenye maji mwilini, kwenye damu, kwenye kisukari cha muda mrefu, au kwenye dawa anazotumia, zikiwemo zile za presha yenyewe.

Fuwele ni hadithi nyingine. Ndani kabisa ya sikio, jirani na kiungo cha kusikia, kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa zinazouarifu ubongo kuhusu mvutano wa ardhi na mwendo wa moja kwa moja, na kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji inayouarifu kuwa kichwa kinageuka, na kinaelekea wapi. Chembe hizo zikichomoka mahali pake, kwa uzee, kwa kugonga kichwa au bila sababu inayoonekana, huingia kwenye mmoja wa mifereji, mara nyingi ule wa nyuma. Kichwa kikigeuka huteremka ndani ya majimaji na kuyasukuma, na ubongo hupokea taarifa ya kuzunguka ambako hakupo. Zikitulia, kizunguzungu huisha. Ndiyo maana mgonjwa huona dunia ikipinduka kwa sekunde 20 au 30, hutapika pengine, kisha akikaa bila kutikisika anakuwa mzima kabisa na watu wa nyumbani huanza kumshuku kuwa anajifanya.

Kinachodumu dakika hadi saa: Ménière au kipandauso

Mwaka 1861 daktari Prosper Ménière wa Paris alieleza kwamba kizunguzungu kikali kinaweza kutoka katika sikio, wakati ambapo wenzake wote walikihesabu kuwa ugonjwa wa ubongo. Ugonjwa unaobeba jina lake huja kwa vipindi vya dakika 20 hadi saa 12, na hauji peke yake: sikio moja huvuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali, huhisi limejaa kama baada ya kuzama majini, na usikivu wake hupungua hasa kwa sauti nzito, kisha hurudi, kisha hupungua tena, hadi miaka ikipita haurudi vyema.

Kipandauso nacho humzungusha mtu kwa dakika tano hadi saa 72, na wengi hawajui hilo kwa kuwa wanakitambua kwa maumivu ya kichwa tu. Kuna wanaozunguka bila kichwa kuuma hata kidogo. Vigezo vya kukitambua viliwekwa rasmi mwaka 2012, na kiini chake ni kwamba mgonjwa amewahi kuwa na kipandauso, na walau katika nusu ya vipindi vyake vya kizunguzungu huchukia mwanga na kelele, huumwa kichwa cha kugonga upande mmoja, au huona vimulimuli.

Anayeshindwa kuchagua kati ya haya mawili aanze na kipimo cha usikivu, kwa sababu Ménière huacha alama kwenye sikio na kipandauso kwa kawaida hakiachi. Kipimo hicho ni nafuu kuliko picha ya ubongo kwa mbali sana, na kwa maoni yangu mtu mwenye vipindi vya saa kadhaa hapaswi kupigwa picha yoyote kabla hajapimwa usikivu, isipokuwa kama ana moja ya dalili za hatari nitakazozitaja.

Kinachodumu siku nzima bila kuachia: neva iliyovimba au kiharusi

Sehemu hii naomba isomwe polepole. Mtu ameamka, dunia inazunguka, na haiachi: inazunguka akiwa amelala, akiwa ameketi, hata akifumba macho, tangu asubuhi hadi usiku na kesho yake. Mara nyingi hiyo ni neva ya mizani iliyovimba, pengine baada ya mafua. Ni mateso makubwa lakini haiui, na hupungua ndani ya siku chache, ikifuatiwa na wiki za kuyumba. Kama usikivu umepotea pamoja nayo, sikio lote la ndani limehusika na daktari aonwe haraka zaidi.

Lakini kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuja kwa sura hiyohiyo, bila mkono kupooza na bila mdomo kwenda upande. Zipo dalili zinazokitofautisha ambazo hata asiye mtaalamu anaweza kuziona: kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, uso au mkono kufa ganzi, maumivu makali ya ghafla ya kichwa au shingo, uziwi wa ghafla, na zaidi ya yote kushindwa kabisa kusimama au kutembea bila kushikwa. Mwenye neva iliyovimba huyumba kuelekea upande mmoja lakini kwa kawaida hutembea. Aliyepata hata moja ya dalili hizo hapaswi kusubiri kesho wala kupelekwa kwanza duka la dawa.

Mwaka 2009 kundi la madaktari nchini Marekani lilichapisha namna ya kuyatofautisha magonjwa haya mawili kwa kuyachunguza macho tu, kwa hatua tatu. Hatua moja inastahili kuelezwa kwa sababu inakwenda kinyume na matarajio. Mgonjwa huambiwa akazie macho pua ya daktari, kisha kichwa chake hugeuzwa ghafla kidogo. Kama neva imevimba, macho huteleza pamoja na kichwa na kisha kuruka kuirudia ile pua. Kama ni kiharusi, macho mara nyingi hubaki yametulia puani kana kwamba hakuna tatizo. Kwa hiyo kwa mgonjwa anayezunguka mfululizo, jibu linaloonekana zuri ndilo la kuogopesha. Uchunguzi huo mikononi mwa aliyefunzwa ulitambua viharusi vilivyokosekana kwenye picha ya ubongo ya MRI ya siku mbili za mwanzo. Haufai kwa mtu kama mama yangu, ambaye akiketi hazunguki, na haupaswi kujaribiwa nyumbani.

Kilichopo wakati wote kwa miezi

Kuna watu ambao kizunguzungu chao hakina mwanzo wala mwisho, wanahisi kama wamesimama juu ya boti iliyofungwa gatini. Wavuvi na wasafiri wa Ukerewe wanaijua hali hiyo ya nchi kavu kuendelea kutikisika baada ya kushuka chomboni, na kwa kawaida huisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Ikiendelea kwa wiki na miezi ni ugonjwa wenye alama moja ya ajabu: mgonjwa hupata nafuu akirudi kwenye chombo kinachokwenda, iwe meli au daladala, na huzidiwa akisimama.

Wengi zaidi wana kile ambacho wataalamu walikipa vigezo mwaka 2017 na kukiita kwa kifupi PPPD, kuyumba kunakodumu miezi mitatu au zaidi, kunakozidi mtu anaposimama, anapopita katikati ya watu wengi kama sokoni, au anapotazama vitu vinavyopitapita. Mara nyingi hufuata kizunguzungu kingine ambacho chenyewe kilishapona, kwa sababu ubongo ulizoea kujilinda na haujaacha. Si kujifanya, si wazimu, na mgonjwa asikubali kuambiwa hana kitu.

Halafu wapo waliopoteza mizani ya masikio yote mawili kwa dawa. Gentamaisini, sindano inayookoa maisha ya wengi wenye maambukizi makali, na streptomaisini iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, zote zina uwezo wa kuua seli za mizani ndani ya sikio. Mtu wa namna hii hazungukwi na dunia. Huyumba gizani na kwenye ardhi isiyo sawa, na akitembea huona maandishi na nyuso za watu vikirukaruka. Anayeishi juu ya milima ya mawe ya Mabatini hugundua haraka, kwa sababu njia anayoipanda mchana bila shida humshinda usiku umeme ukikatika. Aliyechomwa sindano hizo kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuyumba amwambie daktari bila kuulizwa.

Na sikio linalotoa usaha kwa miezi, jambo tunalolipuuza mno kwa watoto na hata kwa watu wazima, likianza kuambatana na kizunguzungu linahitaji daktari wa masikio wiki hiyohiyo, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuwa umekula mfupa hadi kufika sikio la ndani.

Kitanda au mashine

Nilikuwa miongoni mwa walioamini kwamba picha ya kichwa ni kipimo kikubwa na kumlaza mtu kitandani ni kipimo kidogo. Tuliuza mbuzi wawili ili mama apigwe picha ya CT. Sasa ninajua kwamba picha hiyo huona vizuri damu iliyovuja kichwani na uvimbe mkubwa, lakini kiharusi kichanga cha ukosefu wa damu sehemu ya nyuma ya ubongo mara nyingi haikioni, na fuwele za sikio haizioni kamwe. MRI ni bora zaidi kwa ubongo, na ndiyo ya kuchagua mtu akiwa na dalili za ubongo kama zile za kiharusi, uziwi wa sikio moja usioeleweka au kizunguzungu kisicholingana na chochote kilichotajwa hapo juu. Kwa fuwele nayo haina msaada.

Kipimo cha fuwele kilielezwa London mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike, na tangu wakati huo hakijahitaji zaidi ya kitanda na macho ya mpimaji. Nilikishuhudia. Daktari, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, alimkalisha mama katikati ya kitanda, akamgeuzia uso nusu ya njia kuelekea bega la kulia.

"Mama, nitakulaza haraka kidogo. Usifumbe macho hata ukiona nyumba inapinduka. Niangalie hapa puani."

"Mwanangu, nikitapika?"

"Ukitapika tutasafisha, mama. Macho tu usifumbe."

Alimlaza chali, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda huku akikishika kwa mikono miwili. Kwa sekunde tatu au nne hakikutokea kitu. Kisha macho ya mama yakaanza kuruka, mapigo mafupi ya haraka kuelekea kwenye paji la uso, na mboni zikijipinda kuelekea sikio la chini. Mama alikamata mkono wa koti la daktari na kulivuta. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi na nane, mapigo yakapungua, yakaisha. "Ni la kulia," daktari alisema, na ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minane mtu kutuambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona.

Vipimo vya damu, sukari na malaria havidharauliwi. Katika ukanda huu wa ziwa ambako malaria, kichocho na selimundu vipo kwa wingi, upungufu wa damu ni jambo la kawaida, na hufanya kichwa kuwa chepesi na mtu kuchoka. Vipimwe mara moja, vitibiwe vikikutwa. Kosa letu lilikuwa kuvirudia kila mwezi kana kwamba jibu lingebadilika, huku kile kitanda kikiwa wazi chumba cha jirani.

Vidonge, kugeuzwa kichwa, au mazoezi

Baada ya macho kutulia daktari hakumwinua mama. Alisubiri, akakigeuza kichwa kuelekea kushoto na kusubiri tena. Akamwomba alalie bega la kushoto huku uso ukitazama sakafu, akasubiri, kisha akamkalisha polepole miguu ikining'inia. Hatua hizo zilibuniwa na John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani, ambaye wenzake walimdharau kwa miaka kabla ya makala yake ya mwaka 1992 kukubalika. Lengo lake ni kuzielekeza fuwele zizunguke mfereji na kurudi kwenye kifuko zilikotoka. Takriban watu 8 kati ya 10 wenye fuwele katika mfereji wa nyuma hupona kwa kufanyiwa hivyo mara moja au mara chache. Mwenye ugonjwa wa shingo au aliyewahi kupata kiharusi asigeuzwe na mtu asiyejua, na kila mgonjwa ajue ni sikio lipi kabla ya kujifanyia nyumbani, kwa kuwa hatua za kulia hazimfai mwenye tatizo la kushoto.

Kwa wasioweza kumfikia mtaalamu kwa wiki nzima kuna mazoezi ya Brandt na Daroff, yaliyochapishwa mwaka 1980, ambayo mtu hukaa ukingoni mwa kitanda na kujilaza ubavu huu na ule mara kadhaa kwa siku. Uzuri wake ni kwamba hayahitaji kujua sikio lipi. Ubaya wake ni kwamba huchukua wiki mbili hivi na nguvu yake ni ndogo kuliko njia ya Epley. Kati ya hizo mbili ningechagua ya Epley bila kusita, na haya ya pili ningeyaweka akiba.

Vidonge ndivyo vinavyonunuliwa zaidi, nami ndivyo vinavyonihuzunisha zaidi. Sinarizini, proklopirazini na promethazini hupunguza kichefuchefu na kuuzubaisha ubongo usisikie fujo ya sikio. Kwa mtu mwenye neva iliyovimba anayetapika siku ya kwanza ni rehema. Zikizidi siku tatu hivi huanza kudhuru, kwa sababu ubongo unatakiwa uisikie hiyo fujo ndipo ujifunze kujisawazisha upya. Kwa mwenye fuwele haziondoi chochote, kwani kidonge hakiwezi kuihamisha chembe ya chokaa. Mama alimeza sinarizini kwa miezi mitano, akawa anasinzia kibandani na mkono wake ukaanza kutetemeka, nasi tukadhani ni uzee. Baadaye nilijua kwamba dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu kwa watu wazima wenye umri inaweza kuleta ukakamavu na kutetemeka kama kwa mgonjwa wa Parkinson. Alipoiacha, kutetemeka kuliisha baada ya miezi.

Betahistini huandikwa sana kwa Ménière. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 221 kwa miezi tisa, haukuona tofauti kati yake na vidonge bandia. Haina madhara makubwa, na wapo madaktari wanaoiamini bado, lakini mwenye fedha chache ajue hilo kabla ya kuinunua kwa mwaka mzima. Kupunguza chumvi hakugharimu kitu na kunafaa kujaribiwa, jambo gumu kwetu tunaokula dagaa na samaki waliotiwa chumvi. Vikishindikana, kuna sindano zinazochomwa kupitia kiwambo cha sikio, ya steroidi ambayo hailiharibu sikio, au ya gentamaisini ileile niliyoitaja, inayotumiwa makusudi kuizima mizani ya sikio bovu huku usikivu ukiwekwa rehani kidogo.

Kipandauso hutibiwa kama kipandauso, kwa usingizi wa saa zilezile kila siku, chakula kisichorukwa, na dawa za kinga kama propranololi au amitriptilini kwa anayepata vipindi vya mara kwa mara. Kwa neva iliyovimba, kwa PPPD na kwa waliopoteza mizani, mazoezi ya kuurudishia mwili mizani ndiyo tiba yenyewe: kukazia macho kidole huku kichwa kikitikiswa, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kutembea huku ukigeuza uso. Hufanywa kila siku kwa wiki nyingi, na siku za kwanza humzidishia mtu kizunguzungu, ndiyo maana wengi huyaacha pale yanapoanza kufanya kazi. Mwenye PPPD husaidiwa pia na dawa za kundi la sonono kwa kipimo kidogo, bila maana ya kwamba ana sonono.

Aanzie wapi aliyepo Mwanza

Duka la dawa lipo karibu, halina foleni na litakupa kitu mkononi, lakini halina kitanda wala muda wa kukuuliza unapogeuka inakuwaje. Zahanati au kituo cha afya kinatosha kwa presha ya kulala na kusimama, damu, sukari na malaria, na ndiko barua ya rufaa inakotoka kwa anayetumia bima. Baada ya hapo, kama sekunde, saa au siku zimeonyesha sikio, ningeomba daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuomba picha. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure ni hatua ya karibu kwa walio mjini. Bugando, pale juu ya kilima, inayopokea rufaa za Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1970, ndiyo ya kwenda kwa dalili za ubongo, uziwi wa ghafla au ugonjwa uliowashinda wengine. Kwa anayevuka maji kutoka Ukerewe au Kome, ambaye safari moja ni nauli, chakula na pengine malazi, nina ombi moja: kizunguzungu kikija, ndugu arekodi macho ya mgonjwa kwa simu, karibu na kwenye mwanga, kwa dakika nzima, na aandike saa kilipoanza na saa kilipoisha. Daktari akiziona hizo sekunde hatalazimika kukisia.

Ugonjwa wa fuwele huwarudia wengi. Mama ulimrudia baada ya miezi kumi na minne. Alinipigia simu alfajiri, sauti imetulia kabisa, akasema, "Kimerudi, na ni kulekule kulia, nimejigeuza pande zote mbili nikahakikisha." Hakuwa amemeza kitu. Tulipanda daladala ya kwanza, akalazwa, akageuzwa, akakalishwa, na saa nne asubuhi alikuwa Mwaloni akifungua kibanda.